Kalenda ya Mkopo na Kalenda ya Kaya

Mazungumzo na wakazi wa Mugumu, Wilaya ya Serengeti

 

Ninatambua kwamba kijana wa umri wangu anaposimama mbele ya watu waliolea familia kwa miaka thelathini na kuanza kuwaelekeza namna ya kutumia fedha, anaomba kuchekwa. Mama anayelisha watu sita kwa shilingi elfu tano kwa siku anaijua hesabu kuliko mimi niliyeisomea chuo kikuu. Kwa hiyo leo sitawahimiza mbane matumizi. Wengi wenu mmekwisha kubana mpaka hakuna kilichobaki cha kubana.

Nimekuja kwa ajili ya jambo moja ambalo ninakutana nalo mara kwa mara katika kazi yangu ya kusoma malalamiko ya wateja. Malalamiko hayo huandikwa kwa mkono, mengine kwa kalamu iliyokaribia kuisha wino, na mwanzo wake hufanana: nilikopa kiasi fulani, nimekwisha kulipa zaidi ya nilichokopa, na bado nadaiwa. Nikifuatilia tarehe zilizomo ndani ya barua hizo, naona kwamba mara nyingi kiasi kilichokopwa kilikuwa kidogo, na aliyekopa ni mtu mchapakazi. Kilichomwangusha ni kwamba siku za kulipa hazikulingana na siku zake za kupata.

Tuutazame mwaka wa kaya nyingi za hapa. Mahindi, mtama, ulezi na muhogo hutegemea mvua, na mavuno makubwa huja katikati ya mwaka baada ya masika kukatika. Mwenye mifugo huona fedha siku ya mnada, lakini si kila mnada ana mnyama wa kuuza. Vijana wanaofanya kazi kwenye kambi za utalii huwa na uhakika wa kibarua kuanzia Juni hadi Oktoba, wageni wanapomiminika kutazama nyumbu. Masika ya Aprili na Mei yakishika, baadhi ya kambi hufungwa na vijana hurudi nyumbani kusubiri. Na mwenye genge au meza sokoni hutegemea mifuko ya hao wote: wakulima wakivuna naye huuza, wakiishiwa naye hukaa akipunga nzi.

Mwaka wa matumizi una mwendo wake mwingine. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, lakini sare, viatu, madaftari na chakula cha shuleni bado humngoja mzazi Januari, mwezi ambao ghala nyingi zimeanza kulia. Ankara ya maji huja kila mwezi. Umeme hukatika salio likiisha. Maradhi hayana mwezi.

Na hapa Serengeti tuna jambo ambalo mtu wa fedha aliyeko Dar es Salaam hana mahali pa kuliandika katika fomu yake ya mkopo. Jambo hilo ni tembo. Mtu amelima ekari tatu, mahindi yamebeba, amekwisha kumwambia mkopeshaji kwamba Julai atalipa. Usiku mmoja kundi linapita shambani, na asubuhi hakuna Julai tena. Kanuni za mwaka 2011 kuhusu madhara ya wanyamapori zimeweka kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Nawasihi mtoe taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori, ili uharibifu ukaguliwe kabla haujafutika. Lakini kifuta jasho ni mkono wa pole. Si fidia ya hasara yote, na hakina tarehe ambayo mtu anaweza kuitegemea katika mkataba. Anayekopa kwa kutegemea shamba lililo jirani na hifadhi akope kwa kufikiri kwamba sehemu ya shamba hilo si yake.

Sasa tuiweke kalenda ya mkopo kando ya kalenda hiyo. Mikopo mingi midogo inayotembezwa mitaani hulipwa kila wiki, mingine kila siku, na rejesho la kwanza huanza wiki ileile inayofuata. Haina kiangazi wala masika.

Tuchukue mfano. Huu si mkasa wa mtu fulani, ni hesabu tu, na mwenye kalamu aandike nami. Mama anayeuza dagaa anakopa shilingi 200,000. Anakatwa 10,000 ya fomu na 5,000 inayoitwa bima, kwa hiyo anaondoka na 185,000 mkononi. Ameambiwa riba ni asilimia 30, naye anatakiwa kurejesha 65,000 kila wiki kwa wiki nne, jumla 260,000. Kwenye karatasi riba ni 60,000. Ukweli ni kwamba amepokea 185,000 na atalipa 260,000, hivyo fedha hiyo imemgharimu 75,000 kwa siku ishirini na nane. Na hata hiyo 185,000 hakukaa nayo mwezi mzima. Wiki ya kwanza tu amekwisha kurudisha zaidi ya theluthi yake.

Biashara yake, tuseme, inampa faida ya 6,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 36,000. Rejesho ni 65,000. Upungufu wa 29,000 kila wiki utatoka wapi? Utatoka kwenye mtaji wenyewe. Mwisho wa wiki ya nne amemaliza deni, na mtaji uliobaki ni shilingi 69,000. Na hapo nimehesabu kana kwamba mwezi mzima hakuna aliyekula nyumbani kwake wala aliyenunua hata panadoli. Kwa hakika hatabaki hata na hiyo 69,000, na wiki ya tano atarudi kwa mkopeshaji yuleyule, au kwa mwingine aliye mtaa wa pili. Ndiyo maana mikopo ya aina hii wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Jina hilo halikutungwa na ofisi yoyote ya serikali.

Tubadilishe kitu kimoja au viwili tu. Mama huyohuyo akope 200,000 zilezile kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, alipe kwa miezi minne. Riba kwa mwezi ni 7,000, kwa miezi minne 28,000. Tukiacha ada nyingine, atalipa 228,000 kwa wiki kumi na sita, yaani 14,250 kwa wiki. Katika faida yake ya 36,000 atabakiwa na 21,750 za nyumbani, na mtaji wake hajaugusa. Ni mama yuleyule, dagaa walewale, na bidii ileile.

Asilimia 3.5 sikuiokota. Ndicho kiwango cha juu cha riba kwa mwezi ambacho Benki Kuu ya Tanzania imewaelekeza wakopeshaji wa daraja la pili. Naomba nieleze madaraja haya kwa kifupi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewagawa watoa huduma katika makundi manne. Daraja la kwanza ni wanaopokea amana, kama benki za huduma ndogo. Daraja la pili ni wanaokopesha bila kupokea amana, wakiwamo kampuni na watu binafsi wanaokopesha fedha zao. Daraja la tatu ni SACCOS. Daraja la nne ni vikundi vya kijamii, vikiwamo VICOBA. Yule jirani mwenye fedha anayekopesha mtaa mzima kwa riba, akiwa na daftari lake na kijana wake wa kukusanya, si mtu aliye nje ya sheria kwa sababu tu hana ofisi. Anatakiwa kuwa na leseni kama kampuni yenye bango barabarani.

Kwa hiyo kabla hujapokea fedha, omba kuoneshwa leseni. Usione haya. Ukinunua ng'ombe mnadani huulizi anatoka wapi na ana kibali gani? Mkopeshaji anayekasirika kwa kuulizwa leseni amekwisha kukujibu. Omba vilevile mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, uondoke na nakala yako, na uulize mambo haya kwa sauti mbele ya shahidi: nitapokea shilingi ngapi mkononi, nitarudisha jumla ya shilingi ngapi, rejesho la kwanza ni tarehe gani, na nikichelewa nitaongezewa nini. Swali la asilimia liache liwe la mwisho. Asilimia inaweza kuelezwa kwa namna tatu tofauti na zote zikakuchanganya, lakini shilingi zinazoingia na shilingi zinazotoka hazina maelezo mawili.

Usiache kadi yako ya benki na namba yake ya siri kwa mtu yeyote, wala kitambulisho chako cha taifa. Watumishi na wastaafu wananielewa hapa. Mwenye kadi na namba ya siri ameshika mshahara wenyewe. Siku mtakapogombana kuhusu salio la deni, atakuwa amekwisha kujilipa.

Kuna jambo la nyumba na shamba ambalo halisemwi vya kutosha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wazee wangu wa kiume, nazungumza kwa heshima: baba anayetia saini usiku ili mama asijue hamfichi mama peke yake, bali anajitengenezea kesi. Na akina mama, kutia saini ya ridhaa kwa sababu umeambiwa "weka hapa" pia ni kukopa. Soma kwanza, au usomewe na mtoto wako aliyefika kidato cha pili.

Mikopo ya simu nayo tuiseme. Ni rahisi kwa sababu haikuangalii usoni. Mtu anaongezewa shilingi 10,000 akamilishe malipo, anakatwa shilingi 100 kwa siku mpaka atakapolipa. Shilingi 100 ni pipi mbili. Lakini kwa siku thelathini ni 3,000 juu ya 10,000, sawa na asilimia 30 ya yule mwenye daftari mtaani. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilikuwa nikikopa hivyo kila tarehe ishirini, na ilinichukua miezi kadhaa kugundua kwamba nilikuwa nanunua fedha zangu mwenyewe siku kumi kabla hazijafika. Huduma zilizoidhinishwa zina matumizi yake, mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali ya wilaya usiku. Kwa vocha na soda, hapana.

Zipo pia programu za mikopo zinazopakuliwa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Baadhi ya programu za namna hii, unapozipakua, huomba ruhusa ya kuingia kwenye orodha ya namba zako. Ukichelewa siku moja, mkwe wako anapigiwa, mchungaji anapigiwa, mwalimu wa mtoto anatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Kumtangaza mdaiwa hivyo si njia halali ya kudai. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ipo Tume ya kuisimamia. Aliyefanyiwa hivyo ahifadhi ujumbe, namba na tarehe. Watu wengi hufuta kwa aibu, na wakifuta wanafuta ushahidi.

Nije kwenye ankara za nyumbani, kwa sababu mikopo mingi ya dharura huanzia pale.

Kwenye umeme, wengi hulalamika kwamba fedha ileile leo imetoa uniti chache kuliko wiki iliyopita. Sababu ya kwanza ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia LUKU, na mwaka 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida kilipandishwa kuwa shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Hukatwa unaponunua mara ya kwanza katika mwezi. Ukiruka miezi mitatu bila kununua, itakusubiri yote mitatu. Kwa hiyo anayenunua umeme wa 2,000 tarehe moja asishangae; manunuzi yake ya pili ndiyo yatakayomwonesha bei halisi. Na kwa wapangaji: kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Ikikatwa kwenye fedha yako, tunza risiti na mkubaliane akupunguzie kwenye pango. Ni shilingi elfu kumi na nane kwa mwaka, sare ya mtoto mmoja.

Sababu ya pili ni kundi la bei. Katika bei zilizoanza mwaka 2016, mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, yumo katika kundi ambalo uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Mteja wa matumizi ya kawaida hulipa shilingi 292. Mkiongeza kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine, uniti 75 ni kama shilingi 9,150 kwa wa kwanza, na kama 26,700 kwa wa pili. Tofauti inazidi 17,000 kila mwezi. Nenda na namba ya mita yako ofisi ya TANESCO, uulize upo kundi gani na kwa nini. Kama nyumba yako ina taa nne na redio na umewekwa kundi la kawaida, una haki ya kupata maelezo. Lakini jihadharini pia na upande wa pili: aliye kundi la matumizi madogo akivuka uniti 75, kila inayozidi hutozwa 350 kabla ya kodi. Pasi ya umeme, jiko la koili na fremu ya saluni iliyovutiwa waya kutoka kwenye mita ya nyumba vinaweza kukugharimu kuliko kufunga mita nyingine ya biashara.

Kwenye maji sina mengi. Soma mita yako wewe mwenyewe siku moja kila mwezi na uandike. Usiku funga mabomba yote, soma namba, asubuhi soma tena. Ikiwa imesogea, bomba lako linavuja chini ya ardhi na unalipia tope. Ankara usiyoielewa ipeleke kwa mamlaka ya maji kabla ya tarehe ya kukatiwa, kwa sababu kurudishiwa maji kuna gharama yake. Usiporidhika na majibu, kwa maji na kwa umeme pia, EWURA hupokea malalamiko, na ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza.

Kabla sijasimama hapa, mama mmoja aliniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililowaleta wengi. Alisema: mwanangu, nina shilingi elfu ishirini, kesho ni rejesho la elfu thelathini, nyumbani hakuna unga, na mtoto amerudishwa na karatasi ya mchango. Nianze na lipi?

Nilimjibu hivi, na mwenye jibu bora anisahihishe. Aanze na unga na dawa, kwa sababu asiyekula hafanyi kazi, na asiyefanya kazi hatalipa deni lolote. Kisha maji, kisha paa la kulala. Mchango wa shule azungumze na mwalimu, maana mwalimu anaweza kungoja. Halafu kile kitakachobaki, hata kama ni elfu nane, akipeleke kwa mkopeshaji leo, kabla ya kesho, aombe risiti ya hiyo elfu nane na aombe kupangiwa upya marejesho. Watu hufanya kinyume. Humlipa kwanza anayepiga kelele, halafu huenda kukopa unga. Lakini anayepiga kelele zaidi si lazima awe ndiye mwenye deni litakaloleta madhara makubwa zaidi.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli. Hawakusema ulipe kwa kukopa kwingine. Mkopo wa pili uliochukuliwa kulipa wa kwanza ndio mlango wa kuingilia shimoni. Kila barua ya malalamiko niliyoitaja mwanzoni ina mkopo wa pili ndani yake, au wa tatu. Ukifika hapo, simama. Andika kwenye karatasi moja madeni yote, la mtu, la kikundi, la simu na la dukani, kiasi kilichobaki na tarehe. Mwoneshe mwenzi wako. Najua hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote nilizozitaja. Nimeona mtu akificha deni kwa mwaka mzima ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

Kisha nenda kwa kila mkopeshaji kabla hajakufuata. Peleka barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au iliyosainiwa na aliyeipokea, useme unaweza kulipa kiasi gani na kuanzia lini, kwa kalenda yako: mwezi wa mavuno kiasi hiki, mwezi mkavu kiasi kile. Mkopeshaji mwenye leseni na akili anapenda kupata kidogo kwa uhakika kuliko kufukuzana nawe mpaka Musoma.

Akikutisha kwamba utalala mahabusu jioni hii, fahamu kwamba kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai. Jeshi la Polisi si wakusanyaji wa marejesho. Inakuwa jinai pale mtu alipodanganya, kwa mfano kuweka dhamana ya shamba la mwingine au kughushi saini. Mkopeshaji akitaka kukulazimisha, njia yake ni mahakama, nayo ni lazima ikusikilize. Kwa hiyo wito wa mahakama usiuchane. Nenda na risiti zako. Mahakama inao uwezo mkubwa, hata wa kuamuru mali ikamatwe au mdaiwa kuwekwa kifungo cha madai, lakini ni baada ya utaratibu wake. Na asiyefika huhukumiwa bila kusikilizwa. Vijana wanaokuja alfajiri kubeba godoro na sufuria bila amri wala notisi yoyote hawana mamlaka hayo, hata kama wameongozana na wanakikundi wenzako. Kwa msaada wa bure, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri ni wapi walipo wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua.

Malalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni yaanzie kwake kwa maandishi. Asipojibu, yapelekwe Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza na kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha tangu mwaka 2019. Na asiye na leseni asidhani kwamba kwa kuwa hayumo kwenye orodha hatafikiwa.

Je, asiyekopa kwa kausha damu akope wapi? Vikundi vya kuweka na kukopa vina uzuri mmoja: riba hubaki kwa wanachama, na kikundi kinachokutana hapa kinajua mvua ilinyesha lini. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi mnavifahamu vikundi vya COCOBA, vilivyoenezwa kwa msaada wa Frankfurt Zoological Society, ambavyo huhimiza miradi isiyoharibu mazingira, kama ufugaji wa nyuki. Hakikisheni kikundi chenu kimesajiliwa na halmashauri, sanduku lina funguo zaidi ya moja kwa watu tofauti, na kila mwanachama ana kitabu chake. Na mkubaliane katika katiba yenu kwamba mkopo wa shamba hulipwa wakati wa shamba. Nimeviona vikundi vizuri vikiiga ratiba ya wiki kwa wiki ya wakopeshaji wa mitaani, bila sababu yoyote isipokuwa ndivyo walivyozoea.

Ipo pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Nayo ni mkopo. Hairejeshwi kwa kuonana na diwani.

Kwa yeyote atakayedhamini: ukitia saini kumdhamini jirani, umekopa. Hesabu deni lake ndani ya karatasi yako ya madeni siku hiyohiyo.

Nimezungumza vya kutosha. Mimi na mwenzangu tutakaa kwenye meza ile ya mlangoni mpaka saa kumi jioni. Mwenye mkataba aulete tuusome pamoja, hata kama umekunjwa mara nane na herufi za mkunjo zimefutika. Mwenye ujumbe wa vitisho kwenye simu asiufute, tutaunakili. Fomu za malalamiko zipo na hazilipiwi. Na yule mama wa shilingi elfu ishirini, tafadhali usiondoke. Tuiandike ile barua yako kabla ya kesho.